Nyundo za Magadi: Vifaranga wa heroe walivyookolewa mwaka 1962

Kila mjadala wa kuchimba magadi katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, unapoibuka, hesabu huanza na fedha za kigeni na kuishia kwenye ajira. Kisa cha mwaka 1962, watu walipoingia ziwani na nyundo kuokoa ndege bila kulipwa, hakitajwi. Nasikitika kwamba hata shuleni watoto wetu hawakisikii.

Heroe wadogo, ndege wa rangi ya waridi tuliozoea kuwaita flamingo, huonekana katika maziwa ya Nakuru, Bogoria na Manyara wakila mwani. Wanakotagia kulibaki fumbo hadi mwaka 1954, Leslie Brown, afisa kilimo nchini Kenya, aliporuka kwa ndege juu ya Natron na kuviona viota: vichuguu vya tope katikati ya ziwa, yai moja kwa kila kichuguu. Alijaribu kuvifikia kwa miguu. Tope la magadi lilimbabua miguu, akatoka kwa taabu na kuishia kulazwa hospitalini. Ukali huohuo ndio ulinzi wa vifaranga, kwa sababu fisi na mbweha hawavuki.

Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka 1961. Natron ikafurika, na mamia ya maelfu ya heroe wakahamia Ziwa Magadi, ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Huko maji yalikuwa machache na yamekolea mno. Kifaranga akitembea, magadi yaliganda miguuni, tabaka juu ya tabaka, hadi yakawa pingu nzito, ngumu kama saruji. Akishindwa kunyanyua mguu huanguka, na jua humalizia.

John Williams, mtaalamu wa ndege wa Jumba la Makumbusho la Coryndon jijini Nairobi, na mpiga picha Alan Root walikuwa miongoni mwa waliokusanya watu wa kujitolea. Kazi yenyewe ilitaka mkono mwepesi: unamshika kifaranga, unagonga pingu kidogo kwa nyundo mpaka ipasuke bila kuvunja mfupa, unamwachia, unamshika mwingine. Jua kali, magadi yanawasha ngozi. Makundi mengine yaliswagwa kuelekea maji yenye nafuu kabla pingu hazijakomaa. Maelfu walipona. Mwaka 1963 Williams alikisimulia kisa hicho katika jarida la National Geographic, na ni simulizi lake ninalolifuata hapa.

Natron iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2001. Miaka michache baadaye kampuni ya Tata, iliyokuwa tayari ikimiliki kiwanda cha Magadi, ilitaka kujenga kingine Natron. Wanamazingira na wakazi wa eneo hilo walipinga, na mwaka 2008 Tata ikajitoa. Baadaye macho ya waliotaka magadi yakageukia Engaruka, kusini mwa Natron.

Ili heroe nao waingie katika mijadala hiyo, lazima wahesabiwe. Kenya huhesabu ndege wa majini katika maziwa yake ya Bonde la Ufa kila Januari, kwa nguvu ya watu wa kujitolea. Natron, kitalu kikuu cha heroe wadogo wa Afrika Mashariki, inastahili hesabu ya namna hiyo kila mwaka bila kukosa. Vijana wa Longido na Ngorongoro wapewe darubini na mafunzo, waianze.