Mlolongo wa 1988 na tisheti yako

Wasee wa Kanduyi, kuna wanaosema kuzuiwa kupiga kampeni langoni mwa kituo ni kunyamazishwa. Ebu turudi 1988. Kwenye mchujo wa KANU ulipanga foleni nyuma ya wakala wa mgombea, majirani wote wakiona. Aliyepita asilimia 70 hapo aliingia bungeni bila kupingwa. Sasa kibarua angempinga mwajiri wake vipi, na bosi amesimama pale? Maaskofu kama Henry Okullu na Alexander Muge walipiga kelele. KANU iliachana na mlolongo Desemba 1990.

Ndiyo maana tisheti za chama na vuvuzela langoni, kwangu, si uanaharakati. Ni mlolongo umerudi. Siku za kelele zipo: 2022 kampeni zilifungwa Agosti 6, tukapiga kura Agosti 9.