Rubisi, Shule na Bumu: Kijana na Kileo katika Historia ya Karagwe na Kyerwa

Katika kata ya Kamuli na kata zinazoizunguka wilayani Kyerwa, kama ilivyo katika Karagwe yote ambamo Kyerwa ilimegwa mwaka 2012, pombe ya ndizi ni zao la shamba kabla ya kuwa kinywaji, na kwa sababu hiyo swali la iwapo mwanafunzi wa chuo anywe kileo au ajiepushe nacho haliwezi kujadiliwa huko kama suala la tabia ya mtu mmoja peke yake. Swali hilo limefungamana na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Limefungamana na madaraka ya wazee, na mafundisho ya dini, na namna ada ya shule inavyopatikana. Wako wanaolichukulia kama swali la kisasa lililoletwa na maisha ya mjini, na wako wanaojibu kwa wepesi kwamba pombe ni mila, hivyo kijana akinywa anafuata tu nyayo za babu zake. Historia ya eneo hili inazikataa hoja zote mbili.

Pombe yenyewe, ambayo wenyeji wa Mkoa wa Kagera huiita rubisi, hutokana na aina za ndizi zilizotengwa kwa kazi hiyo, tofauti na zile za kupika na zile za kuliwa mbivu. Ndizi hizo huvundikwa kwa siku kadhaa, ama katika shimo lililotiwa joto na kufunikwa kwa majani ya migomba, ama juu ya uchaga ulio juu ya moto wa jikoni, mpaka ziive sawasawa. Kisha humenywa na kutiwa katika mtumbwi, chombo cha gogo lililochongwa kwa umbo la mtumbwi wa majini, zikachanganywa na nyasi na kukanyagwa kwa miguu hadi maji yake matamu yatengane na makapi. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji ya kawaida, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha mtumbwi hufunikwa na pombe huachwa ichachuke kwa muda wa siku moja au mbili. Nguvu yake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 2 na 5 za alkoholi, lakini sifa iliyotawala historia yake ni nyingine: rubisi haikai. Baada ya siku chache huchachuka kupita kiasi na kuharibika, na mtumbwi mmoja hutoa pombe nyingi kuliko mahitaji ya nyumba moja. Kinywaji cha namna hiyo hakiwezi kulimbikizwa wala kunywewa kwa siri, bali hulazimisha wito, na wito hulazimisha utaratibu wa nani aitwe, nani atangulie, na nani abaki amesimama.

Kwa Wanyambo wa Karagwe na jirani zao Wahaya, utaratibu huo ulimweka mwenye kibanja katikati. Yeye ndiye aliyeamua ndizi zikatwe lini, na fungu la kwanza halikuwa lake, kwa maana lilitengwa kwa ajili ya mizimu ya ukoo na kwa wakubwa wa nchi kabla ya majirani kukaribishwa. Pombe ilipelekwa ukweni wakati wa posa, ililipa kazi ya pamoja, ilipatanisha waliogombana. Vijana walikuwapo katika kila hatua ya shughuli, kwani ndio waliokata nyasi, wakateka maji na kukanyaga ndizi, lakini kuwapo katika kazi hakukuwa sawa na kukaa katika baraza la wanywaji. Uwezo wa kukaribisha wengine kwa pombe ulikuwa alama ya mtu aliyeoa na kupata kibanja, na kijana asiye na vitu hivyo hakuwa na cha kumkaribishia mtu. Justin Willis, mwanahistoria aliyechunguza kwa kina historia ya vileo Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba katika jamii nyingi za ukanda huu pombe ilikuwa chombo cha madaraka ya wazee wa kiume, na kwamba malalamiko kuhusu vijana wanaokunywa bila idhini yalipamba moto kila wazee walipohisi madaraka hayo yanawaponyoka. Utaratibu huo haupaswi kupambwa kupita kiasi, kwa sababu uliwanyima vijana na wanawake mengi zaidi ya pombe. Hata hivyo ni kosa kuitaja mila hiyo kama kibali cha kijana kunywa, wakati mila yenyewe ilimwambia angoje.

Ushahidi wa mapema ulioandikwa kuhusu kujiepusha na pombe katika Karagwe hautoki kwa mhubiri, unatoka katika ikulu ya Bweranyange. Wasafiri Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Omukama, yaani mfalme, Rumanyika mwezi Novemba 1861, na Grant, aliyeugua mguu, akabaki huko kwa miezi kadhaa mwaka 1862 wakati mwenzake akiendelea Buganda. Speke aliandika kwamba mfalme huyo aliishi karibu kwa maziwa matupu, kwamba pombe ya ndizi aliigusa kwa nadra, na kwamba hakuwahi kujulikana kuwa amelewa, ilhali watu wa kawaida waliokuwa wakulima walikunywa sana. Maneno ya Speke yanahitaji kusomwa kwa tahadhari, kwa sababu aliamini nadharia potofu ya kuwagawa wafugaji na wakulima kama mbari mbili zisizolingana kwa asili, na alipenda kuona ubora kwa wale na upungufu kwa hawa. Kiasi cha Rumanyika kilikuwa pia alama ya tabaka, yaani kundi la watawala wenye ng'ombe waliojitofautisha kwa maziwa. Hata ukiondoa upendeleo huo wa Speke, linabaki jambo moja la maana kubwa: katika nchi iliyojaa migomba, mtu mwenye uwezo wa kupata pombe kuliko wote alichagua kuigusa kwa nadra tu, wala hakuna aliyemwona kuwa ameacha ustaarabu wa kwao.

Mafundisho ya kuacha pombe kabisa yalifika kwanza pamoja na wafanyabiashara Waislamu wa Kiarabu na Kiswahili waliokuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme, lakini hayakuenea mbali. Ukristo ndio ulioleta shule, na kwa shule ukaja mfano mpya wa kijana. Mapadre Weupe, shirika la Kikatoliki, walifungua misheni ya Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892, na wamisionari Waprotestanti wa Bethel kutoka Ujerumani wakaanza kazi katika eneo la Bukoba mwaka 1910. Kwa Wakatoliki kosa lilikuwa ulevi, si pombe. Kwa upande wa Waprotestanti, msimamo mkali uliletwa na uamsho, harakati ya toba iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 baina ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, na Kampala, ikamhusisha daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi, kisha ikavuka Mto Kagera na kuenea Karagwe na Bukoba. Waliookoka waliungama hadharani, wakarudisha vitu vya wizi na kuiacha pombe yote, na mara nyingi waliikataa hata ile ya posa, jambo lililowaumiza wazee wao kwa sababu kukataa pombe ya mzee kulikuwa sawa na kukataa mkono wake.

Hapa ndipo msimamo wa kutokunywa ulipopata sura ambayo ingali hai. Wengi wa watu wa uamsho walikuwa vijana, walimu wa shule na wanafunzi wa ualimu, na kwao kuacha pombe kulikuwa njia ya kutoka chini ya kivuli cha wazee bila kuwatukana. Badala ya baraza la pombe walipata ushirika wa maombi, na kikao cha wenzao wanaojuana kwa majina kikachukua nafasi ya kile kilichowafungia mlango. Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925, akawa askofu mwaka 1964 na kuchaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alilelewa kiroho na uamsho huo. Mtu anaweza kutofautiana na ukali wa harakati hiyo, uliowahukumu wengine kwa haraka, lakini haki inadai ikubalike kwamba ilitambua kweli moja ambayo kanuni za vyuo huisahau: kijana haachi pombe kwa kukatazwa tu, huacha anapokuwa na mahali pengine pa kukaa na watu.

Wakati dini ikifundisha hivyo, fedha zilikuwa zikifanya kazi yake kwa upande mwingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwataka wakoloni wazuie biashara ya pombe kali za kigeni katika sehemu kubwa ya Afrika, nao ukazaa utawala uliowagawia watu vinywaji kwa rangi, bia na pombe kali zikiwa za Wazungu na pombe za kienyeji zikiwa za Waafrika. Kahawa iliyouzwa kwa fedha taslimu, na mshahara wa migodi ya bati huko Kyerwa, viliwapa vijana kwa mara ya kwanza kipato kisichopita mikononi mwa mzee. Rubisi nayo ikaanza kuuzwa vilabuni, yaani katika sehemu zenye leseni, ambako aliyelipa alikunywa pasipo kuulizwa ukoo wala umri wake kwa makini. Ubaguzi wa vinywaji ulipoondolewa uhuru ulipokaribia, chupa ya bia ikawa ishara ya karani, mwalimu na ofisa, na hivyo elimu, iliyokuwa imehusishwa na kujiepusha na pombe, ikahusishwa pia na unywaji wa hadhi. Mwanafunzi wa chuo wa leo amerithi picha zote mbili za msomi, na ugomvi kati ya picha hizo bado haujaisha.

Kilichobadilisha hatari yenyewe ni gongo, pombe kali inayopatikana kwa kuchemsha rubisi na kuupoza mvuke wake. Ng'ambo ya Mto Kagera, Uganda ilitunga mwaka 1965 sheria ya enguli, pombe ya aina hiyohiyo, iliyotaka wapikaji wenye leseni wauze kwa kiwanda, na ndiko ilikotoka Uganda Waragi. Tanzania ilifuata mwaka 1966 kwa sheria ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, jina jingine la gongo. Sheria hizo hazikuimaliza, kwa kuwa gongo ina kile ambacho rubisi haina: haiharibiki. Inawekwa ndani ya chupa, inafichwa chini ya kitanda, inanywewa na mtu mmoja usiku akiwa peke yake, na ule wito uliolazimishwa na mtumbwi hauhitajiki tena. Mantiki hiyohiyo ilikuwamo katika viroba, vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ndogo kiasi cha kumfikia mwanafunzi wa sekondari, hadi serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Juu ya hayo yote kuna jambo linaloumiza, ambalo wahubiri na maofisa hulipita kwa haraka. Katika kaya nyingi za Kamuli na za vijiji vinavyofanana nayo, rubisi na gongo vimekuwa njia ya kupata ada, hasa kwa wanawake wasiomiliki kahawa, kwa kuwa kahawa huvunwa kwa msimu na mara nyingi fedha zake hushikwa na mwanamume. Mama aliyechemsha pombe usiku akiogopa mgambo ndiye aliyenunua daftari na sare. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliofika Kagera katikati ya miaka ya 2000 na kuangamiza hasa aina ya ndizi za pombe iitwayo kainja, ulikata chanzo hicho kwa kaya nyingi, maana dawa yake ilikuwa kung'oa shina zima na kukata maua dume kabla wadudu hawajayafikia. Kumwambia mtoto wa nyumba kama hiyo kwamba pombe ni uchafu ni kumfundisha kumdharau mzazi wake, na maadili yoyote yanayoanzia hapo yameanza vibaya.

Hoja ya kumtaka mwanafunzi asinywe ina msingi mwingine ulio imara zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18, lakini wengi wanaoingia chuoni wamekwisha kuuvuka umri huo, hivyo sheria huwaacha mlangoni. Wakitoka Kyerwa kwenda Bukoba, Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, hukutana na posho ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, na ambayo tangu mwaka 2005 husimamiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa wanaopewa mkopo. Kila awamu ya fedha hiyo huingia yote kwa siku moja, mikononi mwa kijana aliye mbali na baraza la wazee na mbali na ushirika wa kanisa, mbele ya baa ambayo haimuulizi kibanja chake kiko wapi. Si jasho lake bado, kwa sababu ni deni atakalokatwa katika mshahara ambao hajaupata, na pale isipotosha huongezewa na mzazi kwa mauzo ya kahawa au ya mtumbwi wa rubisi. Kwa kipimo cha Karagwe ya zamani, mtu huyo angali katika kundi la wanaokanyaga ndizi, hajafika katika kundi la wanaokaribisha, na kungoja kwake hakumpunguzii utu wowote. Tena sayansi ya leo inauunga mkono ungojeaji huo, kwani ubongo huendelea kukomaa hadi karibu na umri wa miaka 25, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kuthibitishwa kuwa salama kwa afya.

Kinachokosekana ni baraza. Vyuo vingi huandika katika kanuni zake kwamba ulevi ni kosa la kinidhamu, huku mwanafunzi anayetoka kijijini akiachwa atafute mwenyewe mahali pa kukaa jioni, na sehemu iliyo wazi, yenye taa na watu wanaomwita kwa jina lake, mara nyingi ni baa iliyo nje ya geti.