Sikio la Dhegdheer, Sindano ya Liyongo

Usiku wa kwanza tu, Dhegdheer alimaliza watu wote. Tulikuwa kwenye mkeka nyumbani Garissa, mimi na binamu zangu watatu, na dadu moja ya pande 20. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na mchezo huu ndio kitu pekee nilichorudi nacho ambacho watoto walikitaka. Nikamtia ndani Dhegdheer, yule mla watu wa hadithi za Kisomali mwenye sikio refu. Nikampa alama 200 za uhai na sikio linalonasa kila kishindo. Nusu saa haikuisha, wote wameliwa. Mdogo wao akakunja karatasi yake, akasema hachezi tena.

Ayeeyo alikuwa anasikiliza toka jikoni. Akauliza, "Sasa huyo wako anakufa vipi?"

Sikuwa na jibu.

Swali lake lina historia ndefu. Dungeons & Dragons, mchezo wenyewe, ulitoka Marekani mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka wa 1977 Gygax akatoa Monster Manual, kitabu kizima cha mazimwi, kila moja na namba zake. Humo mna hata gnoll, anayefanana na fisi aliyesimama kwa miguu miwili. Toleo la tatu, mwaka wa 2000, lilileta namba ya kuonyesha zimwi fulani ni saizi ya wachezaji wanne wa ngazi gani. Toleo la 2014 nalo likabana vifaa vya uchawi: vingi vyenye nguvu havifanyi kazi mpaka mwenyewe afungamane navyo, na mtu hafungamani na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Kwa nini? Mchezaji mwenye pete kumi za ajabu haogopi kitu, na asiyeogopa kitu anaanza kusinzia.

Sasa tuje kwetu. Kuna Qori Ismaris, jina lenye maana ya anayejisugua kwa kijiti. Giza likiingia anajisugua, anakuwa fisi. Kabla ya alfajiri anajisugua tena, anarudi kuwa mtu. Hicho kijiti ni kifaa cha uchawi chenye kanuni kamili: kina saa zake, kina namna ya kutumika, na kinaweza kuibwa. Mtoto akisikia tu, anajua aanzie wapi.

Teremka na mto Tana, huu huu unaopita hapa Garissa, mpaka pwani upande wa Kipini. Huko ni kwa Fumo Liyongo, shujaa ambaye Muhamadi Kijuma wa Lamu alimtungia utendi mwaka wa 1913. Silaha haikumwua, ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Wamarekani nao waliandika kwenye kanuni zao kwamba mtu anayegeuka mbwa-mwitu anadhurika kwa silaha ya madini ya fedha au ya uchawi. Zinafanana, lakini ya Liyongo ina bei kubwa zaidi: ili uijue siri, lazima yeye mwenyewe akuamini. Aliyemchoma ni mwanawe.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Namba inakwambia nani ana nguvu. Haikwambii mnyonge afanye nini. Hadithi za huku zilisimuliwa kwa watoto waliochunga mbuzi mahali penye fisi wa kweli, na hakuna mzee mwenye akili angemfundisha mtoto kama huyo kwamba fisi hashindiki. Angemtisha, ndiyo, lakini angemwachia na mlango wa kutokea.

Ayeeyo akatusimulia Dhegdheer wake. Akishiba, analala fofofo. Na lile sikio linalosikia mbali haliwezi kufungwa. Wasichana walimwagia humo mafuta ya moto.

Usiku wa pili nilifuta zile alama 200. Nikaandika mistari miwili tu: akishiba hulala, sikio halifungiki. Sikuwasomea. Nilimwambia tu mdogo wetu kwamba kutoka pangoni kunasikika mkoromo.

Alinyamaza kidogo, kisha akaivuta karatasi yake, akaikunjua.

"Hapo karibu," akauliza, "kuna mtu anauza mafuta?"