SEHEMU YA 4: NGOMA YA MAMA ILIYOFIKA CHUONI

Mama zangu na wadogo zangu wa Singida, leo tuweke uji wa mtoto pembeni kidogo, niwape historia.

Juzi kliniki, baada ya chanjo, kuna kichanga alilia mpaka akapauka. Mama mtu akatoa simu, akawasha katuni. Wapi! Bibi yake, Mgogo wa Manyoni, akampokea, akaimba polepole huku akimpigapiga mgongoni. Mtoto kimya. Chumba kizima kimya.

Nikakumbuka Bagamoyo. Mji ule wa pwani una chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa. Vijana wa nchi nzima wanakwenda pale kusomea ngoma, na tamasha lake limeupa mji jina. Lakini mmoja wa waliofanya muziki wa pale ujulikane duniani hakutoka pwani. Ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, majirani zetu kabisa. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, kwa sababu taifa changa lilitaka ngoma zake lenyewe. Baadaye akahamia Bagamoyo na zeze lake na ilimba, ile ya vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Akafundisha, akapiga Ulaya, mwaka 1996 akatoa albamu ya Chibite. Alifariki Desemba 2003.

Sasa jamani, sikilizeni hapa. Chuo ni kizuri, ila watoto wa Zawose muziki waliukuta nyumbani. Na kwa Wagogo, ngoma ya muheme ni ya wanawake: mama anaibana kwa mapaja, anapiga kwa mikono. Zamani ilikuwa ngoma ya unyago, mama akimfundisha binti.

Pamoja na hayo, jukwaani wanawake wa familia ile walikaa nyuma miaka mingi, wakiitikia na kucheza. Mpaka mwaka 2024 ndipo Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walipotoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Mwaka huohuo wakapiga Glastonbury, Uingereza. Kilichowafikisha kule ni kitu walichokisikia tangu wakiwa mgongoni.

Kama nesi nakwambia: mtoto anaanza kuisikia sauti yako angali tumboni, na akizaliwa anaitambua. Huhitaji sauti nzuri wala bando.

Uwe Mnyaturu, Mnyiramba, Mgogo au umeolewa tu huku, fanya hivi wiki hii: mpigie bibi, muombe wimbo mmoja aliombembelezea mama yako. Ujifunze wote, usiishie kiitikio. Baba nawe ujifunze, usiku ni mrefu. Bibi akiondoka bila kuuacha, hakuna chuo kitakachokurudishia.

Sehemu ya 5 tunarudi kwenye uji. Lala salama, mbusu mtoto.