Ganda Jeupe la Keki: Yaliyofichika Nyuma ya Pambo la Arusi

Kila tuhudhuriapo arusi mjini, iwe Kampala au Nairobi, hatukosi kuiona keki imewekwa mahali pa heshima, imevikwa ganda jeupe la sukari na kutiwa maua ya sukari hiyo hiyo. Mara nyingi imepambwa nyumbani, na shangazi au jirani aliyekesha akipiga ute wa mayai. Wengi husema kwamba weupe huo ni alama ya usafi wa bibi arusi. Usemi huo si wa kupuuzwa. Lakini historia yatufundisha kwamba weupe wa keki ulikuwa kwanza alama ya mali.

Hebu tuanze na maneno yenyewe, kama ilivyo desturi yetu walimu wa lugha. "Sukari" tumeipata kwa Waarabu, nao asili ya neno lao yatoka Bara Hindi. "Keki" tumeipata kwa Waingereza. Basi katika sinia moja zimekutana njia mbili: ya wafanya biashara wa Bahari ya Hindi, na ya watawala waliokuja baadaye.

Mwaka 1769 bibi mmoja wa Manchester, Elizabeth Raffald, alitoa kitabu cha mapishi. Humo alieleza jinsi ya kuivika keki ya arusi matabaka mawili: la chini la lozi zilizopondwa, na la juu la sukari iliyopigwa pamoja na ute wa mayai. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Sukari ya siku hizo iliuzwa kwa mabonge magumu yenye umbo la pia. Ilibidi ikatwe, itwangwe, kisha ichekechwe. Tena kadiri ilivyosafishwa ikawa nyeupe, ndivyo bei yake ilivyopanda. Mwenye kuweka keki nyeupe mbele ya wageni alikuwa akiwaonyesha mfuko wake.

Lakini sukari hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka visiwa vya Karibi, kama vile Jamaika na Barbados, ambako Waafrika walilimishwa miwa utumwani. Mwaka 1791 Mwingereza William Fox alichapisha kijitabu cha kuwasihi watu wake waikatae sukari hiyo. Nyumba nyingi zikaitikia, na wanawake, ambao ndio waliokuwa wasimamizi wa jiko, walikuwa mstari wa mbele. Biashara ya watumwa katika himaya ya Kiingereza ilipigwa marufuku mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ikapitishwa mwaka 1833.

Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, keki yake nyeupe ilikuwa na uzito wa takriban ratili 300. Watu wa kawaida waliisoma habari yake tu. Mwaka 1874 ushuru wa sukari ulipofutwa Uingereza, bei ilishuka, na pambo lililokuwa la wakubwa likazidi kuingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Hata hivyo, kilichotolewa na bei nafuu kiliweza kuondolewa na vita. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kuvika keki sukari. Maarusi wakaazima makasha ya karatasi ngumu yaliyopakwa rangi nyeupe, wakaifunika keki ndogo iliyokuwa ndani. Mgao wa sukari haukwisha hadi mwaka 1953.

Sisi wa Uganda hatuna haja ya kuwastaajabia. Kiwanda cha Lugazi kilianza mwaka 1924, na cha Kakira mwaka 1930, hata nchi ikajitosheleza kwa sukari na kuuza ziada nje. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, uzalishaji ulianguka, na sukari ikawa bidhaa ya foleni na ya magendo. Nyumba iliyokosa sukari ya chai ingewezaje kuwaza sukari ya kupambia? Viwanda hivyo vilianza kufufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Je, tuliache basi pambo hili kwa sababu ya uchungu uliomo katika utamu wake? La, hasha. Shangazi anayechekecha sukari usiku, akaongeza matone ya ndimu, akapiga ute mpaka ukasimama wenyewe, hajionyeshi mali. Anampa binti wa nduguye kazi ya mikono yake. Maana mpya imekwisha kuingia katika kitu cha kale, kama iingiavyo katika neno la mkopo. Lakini mwanafunzi akituuliza kwa nini keki ya arusi ni nyeupe, tusimjibu kwa neno moja la "usafi". Tumweleze pia habari za wale waliolima miwa, wala keki hiyo hawakuionja.