Luthuli ama Mtandaoni? Muulize Aliyezimiwa Simu 2012

Kila mara kuna mtu ananiuliza anunue simu wapi, Luthuli ama mtandaoni. Wasee, hebu turudi kwanza usiku wa 30 Septemba 2012.

Usiku huo, kwa agizo la Tume ya Mawasiliano (CCK), kampuni za simu zilianza kuzima simu feki. Karibu milioni 1.9 zilikatwa. Feki ni ile ambayo IMEI yake, zile tarakimu 15 unazoona ukibonyeza *#06#, haitambuliki. Watu walikuwa wameambiwa watume nambari hiyo kwa SMS hadi 1555 wajue kama wako salama. Ukipata uko na feki, basi. Agizo lilizima simu, halikurudisha pesa. Aliyeuza alikuwa ameshakula zake.

Zilijazana vipi hivyo? Juni 2009 serikali iliondoa VAT kwa simu, bei ikashuka, kila mtu akataka yake. Simu halali zikaingia kwa wingi, feki nazo zikaingia nyuma yao. VAT ilirudi 2013.

Sasa, Luthuli. Barabara imepewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Nobel ya Amani ya 1960, ingawa amani pale na zile spika ni ngumu kupata. Sheria yake haijaandikwa popote: washa kwanza, sikiza, bishana bei, halafu toa pesa. Upande wa Westlands na Ngong Road walizoea kitu kingine. Sarit Centre ilifunguliwa 1983, mall zingine zikafuata, bei imebandikwa na waranti unapewa. Raha, hadi Nakumatt ikaanguka. Duka likifa, ile meza ya kurudishia vitu inakufa nalo.

Jumia ilifika Kenya 2013, Kilimall 2014. Kulipa haikuwa shida, M-Pesa tulikuwa nayo tangu 2007. Shida ilikuwa kuaminiana, ndiyo maana Jumia ilikubali ulipe ukishaletewa. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa akili ya Luthuli iliyopandishwa boda ikapelekwa Kileleshwa.

Lakini siku hizi page nyingi zinataka utume pesa kwanza. Na mara nyingi huyo muuzaji ako na kaduka hapo hapo tao! Unanunua Luthuli ile ile, ila bila kuwasha. Kitu kikikataa, unaonyeshwa risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inasema una haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia ikikuletea hasara.

Chaja na kava, agiza tu. Simu mimi bado nashuka tao, nabonyeza *#06# muuzaji akiona, nalinganisha na boksi, ndio nafungua M-Pesa.