Hard na Hardly: Vielezi Viwili vya Shina Moja

Vielezi hard na hardly vya Kiingereza vimetoka katika shina moja, lakini leo maana zao zinakaribia kupingana. Anayefanya kazi kwa namna ya hard anajituma mpaka jasho limtoke. Kazi ikiambatanishwa na hardly, mhusika haifanyi ila kwa nadra. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania au Kenya anayedhani kwamba -ly ni pambo tu la kielezi anaweza kuandika kinyume cha alichokusudia, na kosa hilo lina sababu ya kihistoria.

Kiingereza cha Kale, kilichosemwa tangu karne ya 5 hadi kama mwaka 1100, kilikuwa na njia mbili za kuunda kielezi kutokana na kivumishi. Ya kwanza ni kuongeza irabu -e: heard, yaani -gumu, ikazaa hearde. Ya pili ni kuongeza -lice, kiambishi chenye asili ya nomino lic, iliyomaanisha mwili au umbo. Hapo ikapatikana heardlice. Maana za vielezi hivyo viwili ziliingiliana sana.

Kilichovitenga ni matamshi. Irabu za mwisho zisizo na mkazo zilizidi kufifia. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, bado aliweza kuihesabu -e kama silabi katika mizani ya mashairi yake, lakini baada yake ilitoweka, na hearde ikabaki hard, sawasawa na kivumishi chake. Kwa kuwa alama ya kielezi ilipotea, wasemaji waliitegemea zaidi -ly, mrithi wa -lice. Hata hivyo hard haikung'oka, kwa maana ilikwisha kuzoeleka pamoja na vitenzi vya kila siku: kupiga, kusukuma, kufanya kazi, kunyesha kwa mvua. Fast nayo ilisalimika vivyo hivyo.

Nafasi ya bidii na nguvu ikiwa imeshikwa na hard, hardly ilielekea kwingine. Kwa muda mrefu ilimaanisha "kwa shida". Ushahidi mzuri uko katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, Mathayo 19:23, panaposemwa habari za tajiri na ufalme wa mbinguni. Hardly ya aya hiyo haisemi kwamba tajiri haingii kamwe, bali kwamba ataingia kwa taabu, na hiyo ndiyo maana ya matini asilia ya Kigiriki. Lakini jambo linalofanyika kwa shida hufanyika kidogo, au nusura lisifanyike. Kwa njia hiyo, tangu karne ya 16, maana ya "karibu sivyo" ilianza kukua pembeni ya ile ya zamani. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inazo zote mbili. Mwaka 1881, waliorekebisha tafsiri ya Agano Jipya waliiondoa hardly katika aya ile, wakasema kwa kivumishi hard kwamba ni vigumu.

Wanasarufi wa karne ya 18 walijaribu kunyoosha mambo. Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, alikemea kutumia kivumishi mahali pa kielezi. Kanuni hiyo ilisukuma maneno mengi kuvaa -ly, lakini hard haikuguswa, na ilikuwa heri: kuilazimisha kungeharibu tofauti ambayo wasemaji walikwisha kuijenga wenyewe.

Hardly, kwa upande wake, ilipokea hata tabia za kisarufi za ukanushi. Hufuatwa na any na ever, kama not inavyofuatwa. Ikianza sentensi, kitenzi kisaidizi hutangulia kiima. Na Kiingereza sanifu hukataa kuiunganisha na not, kwa kuwa huko ni kukanusha mara mbili. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, aliijadili katika kitabu chake cha mwaka 1917 kuhusu ukanushi. Maana ya "kwa shida" imebaki katika maandishi ya zamani, na mali iliyochumwa kwa jasho huelezwa kwa hard-earned, kamwe si kwa hardly.